Mkono Unaokamua Tambara

Wengi wetu tukifika ofisini asubuhi tunakuta sakafu inang'aa, wala hatujiulizi imepigwa deki na nani.

Mimi zamu yangu huanza alfajiri, kwa hiyo humkuta mama wa usafi wa jengo letu angali ameinama. Juma lililopita, baada ya kumwamkia, nikamwona ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto. Nikamuuliza kulikoni. "Mwanangu, mkono huu usiku unawaka moto, vidole vinakufa ganzi. Juzi nimeangusha sahani." Je, amekwenda hospitali? Hakwenda. Msimamizi akijua, alisema, kesho ataletwa mwingine.

Huo si uzee, na wala hakurogwa. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba wanamopita kwa pamoja kano za vidole na mshipa wa fahamu wa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mtu anayesokota tambara kutwa, siku nenda siku rudi, njia hiyo huvimba ndani na mshipa hubanwa. Ganzi ya usiku ndiyo hodi ya kwanza. Ikisikilizwa mapema, kuupumzisha mkono na kuufunga gango wakati wa kulala mara nyingi hutosha. Ikipuuzwa, nyama ya chini ya kidole gumba husinyaa, na hapo hata upasuaji huenda usirudishe nguvu yote.

Adui mkubwa basi ni lile tambara. Badala ya kulisokota, likunjwe na kukandamizwa kwa viganja ukingoni mwa ndoo, au lizungushwe kwenye bomba na kuvutwa, kifundo kikiwa kimenyooka. Fagio la chelewa lifungiwe mpini mrefu unaofika kifuani, na mpini mwembamba uviringishwe mpira wa baiskeli, maana kitu chembamba hutaka kubanwa kwa nguvu zaidi. Uchafu sugu uloweshwe kwanza, usipigwe vita mkavu. Ndoo isijazwe pomoni. Na kazi zichanganywe: madirisha kidogo, kisha kufagia, kisha vumbi, mikono ikipokezana.

Lakini mpini na ndoo ya kukamulia vinanunuliwa na mwajiri, si mama huyu. Mwajiri akumbuke pia kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haihusu mguu uliovunjika tu, bali na ugonjwa unaotokana na kazi. Mfuko wake ulianza mwaka 2015, na anayeuchangia ni mwajiri, si mfanyakazi. Mama yule hakuwa amewahi kuusikia.

Jana nimemkuta na mpini mpya, ameuokota mwenyewe. Hospitali ameahidi kwenda Jumatatu, akimaliza zamu. Msimamizi bado hajaambiwa.