Safari Baada ya Mvua Kubwa

(Maneno ya hotuba kwa watu wa Migori na Homa Bay)



Leo nataka kusema nanyi juu ya saa zile zinazofuata mvua kubwa, si juu ya mvua yenyewe. Mvua inaponyesha kila mtu ajua la kufanya: huingia ndani akafunga mlango. Lakini ikianuka na jua likatoka, mtu hudhani hatari imekwisha, naye huchukua kapu lake akashika njia ya sokoni. Saa hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Katika nchi za baridi, kama Uswisi, jambo hili lajulikana sana. Dhoruba ya theluji ikiisha, theluji mpya hulala juu ya ile ya zamani bila kushikamana nayo vema, na kwa siku moja au mbili mlima huwa kama mzigo uliowekwa ukingoni mwa meza. Mpita njia akikanyaga mahali pabaya, mteremko mzima huporomoka na kumfukia. Wengi wanaofukiwa hivyo wameliamsha poromoko wao wenyewe, au limeamshwa na mwenzao wa safari. Ndiyo sababu majira ya baridi wenyeji hutangaziwa hali ya milima kila siku, nao husikiliza kabla ya kutoka.

Sisi hapa hatuna theluji, bali udongo tunao. Mvua husimama leo, lakini maji yaliyoingia ardhini yangali yakishuka polepole na kujaza kila tundu, hata udongo ukawa mzito na ukakosa nguvu za kushikana. Ndipo kipande cha mlima huteleza. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa katika miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, kijiji cha Nametsi kilifukiwa pamoja na kituo chake cha afya; waliokufa na waliopotea walihesabiwa kwa mamia. Tena, usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, milima iliporomoka katika Pokot Magharibi, wakafa watu zaidi ya 40, na kwa kuwa madaraja yalichukuliwa na maji, wasaidizi walichelewa kuwafikia.

Milima ya Gwassi nayo ni mabaki ya volkano ya kale, kama Elgon ilivyo, na mahali pengi miteremko yake ni mikali. Palipokatwa miti, mizizi iliyoushika udongo imekwisha kuoza. Basi anayeshuka kwenda Nyandiwa siku mbili tatu baada ya mvua kubwa na atazame juu ya njia yake. Je, pana ufa mpya uliopinda kama upinde? Je, miti imeinama ambayo juzi ilisimama wima? Je, chemchemi iliyokuwa safi inatoa matope? Akiona mojawapo asipite chini yake, hata ikiwa njia nyingine ni ndefu maradufu. Na mwenye nyumba chini ya mahali hapo asilale humo.

Kwa watu wa Migori adui mkubwa zaidi ni mto. Kuja huanzia nyanda za juu za Kisii, hupokea maji ya Mto Migori, kisha hupita Nyatike na kuingia ziwani. Kwa hiyo yawezekana mtu wa Nyatike hajaona hata tone la mvua, watu wanaanika omena juani, na mto ukamjia umefura kwa mvua iliyonyesha jana mbali naye. Kuutazama mbingu wa kwenu hakutoshi. Ulizeni habari za huko juu, nanyi mnazo simu.

Maji yaendayo kasi, yenye kina cha inchi 6 tu, huweza kumwangusha mtu mzima. Futi 1 huweza kulisukuma gari dogo, na futi 2 magari mengi. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini liliingia katika maji yaliyofunika daraja. Watu waliosimama ukingoni waliliona likilala ubavu na kuzama. Wakafa zaidi ya 30.

Najua kijana wa bodaboda atanijibu kwamba abiria ana haraka na nauli ni chakula cha jioni. Ni kweli. Lakini maji ya kivukoni mara nyingi hupungua baada ya saa chache, na chini ya maji ya matope haonekani aliyejua kama barabara ingalipo au imekwisha kuchimbwa. Abiria naye ana haki ya kushuka. Walimu, wakati wa chwiri, wasiwaache watoto waende peke yao vivukoni; na wachelewe shule siku hiyo, si neno.

Jambo moja zaidi, maana wengi hulifurahia pasipo kujua. Mkiona kijito cha mlimani kimepungua ghafla ilhali mvua ingali yanyesha huko juu, msishuke kuvua samaki wala kuvuka. Huenda poromoko limekiziba, na maji yanajikusanya nyuma yake. Pandeni mahali pa juu, kandokando na bonde, mkawaite na walio chini.