Ulizia Madini, Usiulizie Mng'aro



Marehemu baba aliniachia Peugeot 404. Mwaka 2019 nilimpakia mama humo, tukaenda arusini Iringa. Katikati ya mlima Kitonga, jua likizama, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nyuma yetu lori lililosheheni. Breki ya mkono nayo ilikuwa imelegea, gari likaanza kurudi. Utingo wa lile lori akaruka, akasukumia jiwe chini ya gurudumu. Mama hakusema neno. Alinishika bega tu.

Tulivutwa hadi Ilula. Fundi mmoja mzee akafungua distribyuta, akanionyesha pointi nilizofunga mwezi mmoja tu kabla. Upande mmoja umechimbika shimo, wa pili umeota kichuguu.

"Mwanangu, ulinunua kwa kuangalia nini?"

Nikasema kweli: bei, na jinsi zilivyong'aa.

Sasa tuelewane. Pointi ndizo zinazokata umeme wa koili ili cheche iruke kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka na kufunga mara 100 kila sekunde. Kila zinapoachana, kijicheche huzilamba. Ni madini gani yatavumilia? Fedha hupitisha umeme kuliko metali zote, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, tena hushika kutu ya kijani. Magari ya mwanzo yalitumia platini, isiyoshika kutu, ila bei yake ni ya vito. Wafaransa mpaka leo huziita pointi kwa jina la platini, ingawa platini yenyewe iliondoka humo zamani.

Iliyochukua nafasi yake ni tungsteni, ile ya waya wa balbu za zamani. Kwa kupitisha umeme, fedha inaiacha mbali. Lakini ni ngumu, na haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,400. Dosari yake ni kwamba gari likilala muda mrefu, pointi hufanya utando unaozuia umeme. Zisugue taratibu kwa tupa laini. Usitumie msasa, maana chembe zake hubaki katikati. Na kondensa ibadilishe pamoja nazo; ikifa, kijicheche hukua, na hata tungsteni huchimbika.

Yule mzee alinifungia pointi za kijivu, hazina sura ya kuvutia hata kidogo. Akapima mwanya wa milimita 0.4, akaniambia niwashe. Iringa tulifika usiku, na pointi zile bado zimo.

Siku hizi, kabla ya kuuliza bei dukani, nauliza kimetengenezwa kwa madini gani. Muuzaji asipojua, namuaga kwa heshima. Kitu kinachokaa penye moto huchaguliwa kwa uvumilivu wake.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.