Neno "Fleurir"



Sisi walimu tuliombwa kueleza neno lililoandikwa juu ya kitambaa mlangoni mwa kanisa: "fleurir". Asili yake ni neno la kilatini "florere", litokalo katika "flos", maana yake ua. Wafaransa wanaligawa: wakitaja miti iliyochanua zamani husema "fleurissait", wakitaja mji ao ufundi uliositawi, "florissait". Sisi tuna maneno mawili mbali mbali, kuchanua na kusitawi, na tunaona ni afazali. Maharagi ya Masisi huchanua vizuri, kisha mvua ikizidi, maua yaanguka bila kuzaa.

Maana ya tatu ni "fleurir une tombe", kuweka maua juu ya kaburi, zaidi sana mwezi wa novemba. Hapo ndipo tulipokwama. Tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanza kwa mauaji sokoni Ntoto katika Walikale, wengi wetu hawajui wazazi wao walizikwa wapi.

Kwa hiyo leo, baada ya Misa, maua yote ya altare yatapelekwa chini ya msalaba ulio uani. Kila mmoja akaribie, ataje pole pole jina la mtu wake.