Kilichofichika Si Kilichopotea: Taarifa za Kivinjari Baada ya Kusasisha Kompyuta ya Linux

Mazungumzo ya Afisa TEHAMA wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata



Huduma nyingi tulizokuwa tukizifuata kwa barua na nauli sasa huombwa kwa kompyuta: mkopo wa mwanafunzi wa elimu ya juu, leseni ya biashara, cheti cha kuzaliwa, nafasi ya kazi serikalini. Kila huduma ina anwani yake na nywila yake, na wengi wetu tumekiachia kivinjari kazi ya kuzikumbuka. Siku kivinjari kinapofunguka kitupu, bila alamisho, bila historia, bila nywila, mtu hujiona amefungiwa nje ya ombi lake mwenyewe. Na ikiwa namba ya simu aliyojisajilia haitumiki tena, hata ujumbe wa kubadili nywila hautamfikia. Tatizo hili hutokea sana baada ya kusasisha kompyuta iliyokaa miaka mingi bila kuguswa.

Nitazungumza hasa juu ya kompyuta zenye Ubuntu, aina ya Linux isiyodai ada ya leseni, pamoja na kivinjari cha Firefox. Toleo la Ubuntu 18.04 lilitoka Aprili 2018, na matunzo yake ya kawaida yakakoma Mei 2023. Toleo la 20.04 nalo lilifikia kikomo chake Mei 2025. Baada ya hapo mwenye kompyuta huanza kuona tovuti zikigoma kufunguka, na mianya ya usalama hubaki wazi. Hana budi kusasisha, tena kwa ngazi: kutoka 18.04 kwenda 20.04, kisha 22.04, bila kuruka.

Hapo ndipo mambo hubadilika. Katika toleo la 22.04, lililotoka Aprili 2022, Firefox huja katika mfumo mwingine wa kusakinisha programu uitwao Snap. Zamani taarifa zote za kivinjari zilikaa ndani ya folda ya mtumiaji, katika folda iliyofichwa iitwayo .mozilla. Firefox ya Snap huweka za kwake mahali pengine: snap/firefox/common/.mozilla. Ni kama masijala iliyohamia jengo jipya: majalada bado yamo katika kabati la zamani, lakini karani ameketi mbele ya kabati jipya lisilo na kitu, naye anakujibu kwamba jalada lako halipo.

Kwa kawaida kivinjari kipya hunakili taarifa za zamani kinapofunguliwa mara ya kwanza. Lakini kunakili huko kukikwama, kwa mfano diski ikiwa imejaa au umeme ukikatika, kivinjari huanza upya kikiwa kitupu. Tena, tangu Firefox 67 ya Mei 2019, kila usakinishaji hupewa wasifu wake, yaani folda yake ya taarifa za mtumiaji. Kompyuta moja inaweza basi kuwa na wasifu mbili au tatu, na unaofunguka ukawa si ule uliouzoea. Kivinjari cha Chromium nacho kina kisa kama hicho: taarifa zake zilikuwa katika .config/chromium, na za Snap zimo katika snap/chromium/common/chromium.

Basi mtu afanye nini?

Kwanza, asiharibu kilichopo. Asiondoe kivinjari na kukisakinisha upya, asifute folda yoyote kwa nia ya kusafisha, wala asikubali fundi aifute diski yote kabla ya kunakili. Taarifa nyingi hupotea kwa haraka ya kutengeneza, si kwa usasishaji wenyewe. Ahakikishe pia kuwa ameingia kwa jina lake la mtumiaji, si la mwingine.

Pili, aandike about:profiles kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, kisha abonyeze Enter. Itafunguka orodha ya wasifu zote kivinjari hicho kinazozitambua, na mahali kila mmoja ulipo. Ukiwapo zaidi ya mmoja, aufungue kila mmoja autazame. Mara nyingi kazi huishia hapa.

Tatu, ikiwa za zamani hazimo, afungue folda yake ya nyumbani na kubonyeza Ctrl pamoja na H ili folda zilizofichwa zionekane. Aingie .mozilla, kisha firefox. Ataona folda zenye majina ya herufi na tarakimu zilizochanganyika, zikifuatwa na nukta na neno kama default. Folda iliyo nzito, ambayo tarehe ya mwisho ya mafaili yake ni ya kabla ya kusasisha, ndiyo anayoitafuta.

Nne, kabla ya lolote, ainakili folda hiyo nzima kwenye flashi na kuiweka kando. Kisha atengeneze wasifu mpya kupitia ukurasa ule wa about:profiles, akifunge kivinjari kabisa, na kunakili yaliyomo katika folda ya zamani hadi katika folda ya wasifu huo mpya. Faili la places.sqlite ndilo lenye alamisho na historia. Nywila zimo katika logins.json, lakini hazisomeki bila key4.db; mawili haya ni kufuli na ufunguo wake, hayatenganishwi. Na nakala ya flashi ibaki bila kuguswa, kwa kuwa wasifu ukishafunguliwa na Firefox mpya, Firefox ya zamani huukataa.

Tano, ikiwa Firefox ya Snap imekwisha kuondolewa, bado pana tumaini. Snap inapoondoa programu huhifadhi nakala ya taarifa zake kwa siku 31, isipokuwa aliyeiondoa aliagiza zifutwe moja kwa moja. Amri ya snap saved huonyesha nakala hizo, na snap restore, ikifuatwa na namba ya nakala, huzirudisha. Lakini ikiwa diski yote imefutwa na mfumo mpya kuwekwa juu yake, tusidanganyane: uwezekano ni mdogo. Hapo kompyuta izimwe, isiandikwe kitu kingine, na ipelekwe kwa mtaalamu.

Ndugu wananchi, kuna upande mwingine wa jambo hili. Folda ninayoisema ina nywila za kila aliyezihifadhi katika kivinjari hicho, na mtu anayeirejesha anaweza kuzisoma iwapo hazikuwekewa nywila kuu. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi hilo si dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzishike taarifa za watu kwa uangalifu. Kwa hiyo kila mtumiaji awe na jina lake la kuingilia, asihifadhi nywila katika kompyuta ya wote, na fundi asifungue taarifa za mtu bila ridhaa yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kusasisha, nakili folda ya .mozilla kwenye flashi. Ni kazi ya dakika chache. Hamisha alamisho zako kwenye faili. Ukihamisha na nywila, kumbuka kwamba faili hilo husomwa na yeyote atakayelifungua, basi lifungie mahali salama. Andika katika daftari lako la nyumbani kila huduma uliyojisajili, pamoja na barua pepe na namba ya simu uliyotumia. Namba ikibadilika, ibadilishe na huko pia, ungali unaweza kuingia.

Wala asiondoke mtu hapa akisema kwamba heri kutosasisha. Kompyuta isiyosasishwa haimlindi mwenyewe. Humwacha wazi kwa wezi wa mtandaoni, na siku moja humfungia nje ya huduma anazozihitaji. Tusasishe, lakini tutangulize nakala. Na kivinjari kikifunguka kitupu, tutafute kwanza kabati la zamani kabla ya kulia msiba.