Simba Dume Akizeeka: Mazungumzo na Wafugaji Jirani na Burigi-Chato



Oktoba 2020 ilitangazwa kwamba simba 36 watahamishwa kutoka Serengeti kuletwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kwa kuwa huko walikuwa wakivamia watu na mifugo. Tangu hapo ng'ombe akipotea naulizwa, "Afisa, ni wale wa Serengeti?" Mimi ni mtu wa mifugo, si wa wanyamapori. Lakini ukizijua njia za mwizi utajua mlango upi wa kufunga.

Madume ya simba hushika eneo kwa umoja. Ndugu wawili, watatu au zaidi hulinda mipaka yao pamoja na majike waliomo. Ule mngurumo wa usiku, unaoweza kusikika hata kilomita 8, ni onyo kwa madume wengine. Wengi hutawala miaka miwili hadi minne tu. Kule Serengeti Bob Junior na nduguye Tryggve walidumu kama miaka saba, na huo ni muda mrefu kwa simba. Machi 2023 Bob Junior akauawa na madume vijana. Washindi huua hata watoto wadogo wanaowakuta, ili majike warudi kwenye joto upesi.

Si kila mzee hufia vitani. Anayenusurika husukumwa hadi pembezoni, meno yamechakaa, labda mguu una jeraha, na hana majike wa kuwinda naye. Pundamilia anamshinda mbio. Ndama aliye kwenye zizi bovu hamshindi. Huko huko pembezoni hufika pia madume wa miaka miwili au mitatu waliofukuzwa kwao, wasio na eneo bado. Pembezoni mwa hifadhi ndiko tunakoishi sisi.

Hasira ikipanda, tafadhali usitie sumu kwenye mzoga. Aprili 2018, Hamukungu nchini Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 walikufa kwa sumu: majike watatu na watoto wanane. Dume hakuwemo hata mmoja. Mbwa wako naye atakula pale pale. Na je, mtoto wa jirani akikata nyama bila kujua?

Fedha na nguvu ziende kwenye zizi. Mara nyingi simba haingii. Huzunguka nje akinguruma mpaka ng'ombe wanatishika, wanabomoa ua na kumkimbilia mdomoni. Kwa hiyo ua uwe imara na usioonyesha ndani. Minyaa iliyopandwa kwa kubanana inafaa sana, ila chungeni macho ya watoto, utomvu wake ni mkali. Mlango ndio huoza kwanza. Ukague kila wiki. Ndama na mbuzi walale katikati.

Akiua, usisogeze mzoga wala kufuta nyayo. Mwite mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori waone. Kifuta jasho hakifikii bei ya ng'ombe, nasema wazi, lakini bila ushahidi hata hicho hukipati.

Ng'ombe aliyeponea menoni huonekana ana tundu dogo tu, kumbe ndani usaha unajikusanya. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Usizibe kwa majivu wala kinyesi. Uniite siku hiyo hiyo, usingoje ya tatu.