Mshairi Ndani ya Bendi: Langston Hughes, Jazi na Skrini



Niliombwa nizungumzie fasihi na muziki. Bahari hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nitakaa na kitabu kimoja tu, tena chembamba. Mwaka 1961 kampuni ya Alfred A. Knopf ya New York ilichapisha Ask Your Mama: 12 Moods for Jazz, utungo wa Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani, wenye sehemu 12. Ukikifungua utakuta safu mbili. Kushoto yapo mashairi, yote kwa herufi kubwa. Kulia, pambizoni, kwa herufi za mlazo, yapo maagizo kwa wapigaji: hapa ngoma za Kiafrika, hapa bluzi, hapa cha-cha, hapa wimbo wa kanisani, hapa piano iguse nyimbo za kistaarabu za Kijerumani. Na mara kwa mara lipo agizo jingine: ala zote zinyamaze.

Agizo hilo la kunyamaza ndilo lililonifanya nichague kitabu hiki. Mshairi akialikwa na bendi, kwa kawaida huwa mgeni wa heshima. Yeye anasoma, wenzake wanapiga kwa upole nyuma yake, na wasikilizaji wanapiga makofi kwa adabu. Hughes mwenyewe alipitia huko. Mwaka 1958 alirekodi mashairi yake na bendi za Leonard Feather na Charles Mingus, na zipo dakika tamu sana katika rekodi ile. Lakini ukisikiliza kwa makini utasikia jinsi msomaji na bendi wanavyosubiriana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenziwe. Katika kitabu cha 1961 hakuna kupishana. Mshairi amekuwa mpigaji mmojawapo, naye ndiye anayejua ni wapi besi ikae kimya ili neno lisimame peke yake.

Utungo huo ulianzia kwenye vurugu. Julai 1960, katika tamasha la jazi la Newport, Marekani, vijana wa Kizungu waliokosa nafasi ya kuingia walipambana na polisi mitaani, na mji ukaamuru maonyesho yaliyobaki yafutwe. Katika kipindi cha mwisho cha bluzi Hughes aliandika papo hapo maneno ya kuuaga mji ule, na Otis Spann, mpiga piano wa Muddy Waters, akayaimba. Ni huko huko Newport ndipo alipoanza Ask Your Mama. Jina lake linatoka katika utani wa vijana Weusi wa Marekani wa kutajiana mama: anayekasirika kwanza ndiye aliyeshindwa. Katika utungo, mtu Mweusi aliyehamia mtaa wa Wazungu anaulizwa maswali ya kipumbavu, likiwemo lile la kama weusi wake unatoka ukiusugua, naye anamrudisha muulizaji kwa mama yake. Nje ya kejeli hiyo yanapita majina ya dunia iliyokuwa ikibadilika wakati ule: Nkrumah, Nasser, Lumumba, Sékou Touré, Kenyatta.

Kenyatta hakutajwa kwa bahati tu: wakati ule jazi ilikuwa ikiitazama Afrika, na Hughes alikuwa mshiriki. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi huko New York Uhuru Afrika, kazi ya bendi kubwa iliyopangwa na Melba Liston, ikiwa na Max Roach na Babatunde Olatunji miongoni mwa wapiga ngoma. Maneno yake aliyaandika Hughes. Na sauti inayofungua rekodi hiyo inasema Kiswahili: ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Sisi tuliokulia kwenye Morogoro Jazz na Western Jazz, bendi za dansi ambazo kutoka jazi ya Marekani zilichukua jina zaidi kuliko mapigo, tulichelewa kujua kwamba lugha yetu ilikuwa imekwisha kupanda jukwaa lile. Serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku rekodi hiyo.

Hughes alifariki Mei 1967. Waliokuja kuupandisha utungo wake jukwaani kwa upana wake ni wengine. Mwaka 2009, katika Carnegie Hall, mtunzi Laura Karpman aliuonyesha akiwa na mwimbaji Jessye Norman na bendi ya The Roots. Ron McCurdy, mpiga tarumbeta na profesa wa Chuo Kikuu cha Southern California, amezunguka nao miaka mingi kwa bendi ndogo ya jazi, msomaji, na skrini ya picha za video. Novemba 2015 msomaji wake katika ukumbi wa Barbican, London, alikuwa mwanarap Ice-T.

Skrini hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Macho yana mabavu kuliko masikio. Shairi likitaja Lumumba na papo hapo picha ya Lumumba ikajaa ukutani, mtazamaji ameambiwa jambo moja mara mbili, na kazi aliyokuwa aifanye kichwani mwake amenyang'anywa. Pambizo la Hughes halifanyi hivyo. Piano inayopiga nyimbo za Kijerumani kando ya maisha ya makabwela haiyaelezi maisha yale, inabishana nayo. Video ipewe kazi hiyo hiyo: ibishe, itangulie, ichelewe, na izimwe inapoamriwa kunyamaza. Mpiga picha asiyekubali giza jukwaani hafai kwa kazi hii, hata awe fundi kiasi gani.

Juni 1962 Hughes alifika Makerere kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza. Mwezi huo huo mshairi wa Kiswahili Shaaban Robert alifariki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi pale, aliandika baadaye kwamba mshairi yule mkubwa wa Afrika Mashariki hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa sababu vitabu vyake vilikuwa vya Kiswahili. Hughes na Shaaban wangekuwa na mengi ya kuzungumza, na mazungumzo hayo tunaweza kuyaanza sisi.

Utenzi wa Vita vya Uhuru, wa Shaaban Robert, unavisimulia Vita vya Pili vya Dunia kuanzia Ulaya hadi Asia. Najua kuna watakaosema utenzi una mahadhi yake na hauhitaji tarumbeta. Ni kweli, na kuutandikia ala nyuma ili upendeze hakutausaidia kitu. Ninachoomba ni kigumu zaidi. Idara za Fasihi, Muziki na Filamu za chuo hiki zichague sehemu moja ya utenzi huo, zikutane kabla muhula haujaanza, na ziuandikie pambizo la kulia: ala ipi iingie, picha ipi ipite, na wapi vyote vinyamaze. Kalamu ya pambizo hilo apewe mwanafunzi wa fasihi.