Kuchora Tamaa ya Utotoni

Leo twaeni karatasi na kalamu ya risasi. Kila mmoja atachora kazi aliyoitamani alipokuwa mtoto.

Najua wengine mtacheka: "Mimi mkulima wa alizeti, nina wajukuu, mambo ya utoto ya nini?" Hata mimi, nilipokuwa nikichunga mbuzi, nilitaka kuwa dereva wa lori. Sikuwa. Lakini nikifumba macho naliona lori lile: vumbi nyuma yake, turubai limefungwa kwa kamba, utingo amekaa juu ya magunia. Hayo ndiyo ya kuchora. Ukichora lori tu, mchoro wako utafanana na wa jirani.

Sikilizeni habari za Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, kisha London. Hata hivyo picha zilizompa jina ni za kwao alikokulia: migomba, watu kazini, wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ya pombe aliichora mwaka 1956, na mwaka 1960 jumba kubwa la sanaa la New York likaichukua. Pombe ya ndizi, jamani!

Basi, anza kwa kujichora wewe mwenyewe, mdogo, pembeni mwa karatasi. Kisha chora kile ulichokuwa ukikitazama. Ukikosea, usifute.

Juma lijalo leteni michoro darasani. Na mzee wetu aliyekataa kushika kalamu juma lililopita, tumemwekea kiti mbele. Kwaherini.